Jakaranda Isiyo na Majani Haijafa: Maelezo kwa Wakaaji wa Lubumbashi Kabla ya Mvua

Tarehe 5 Desemba, ambayo nchini Kongo ni Siku ya Taifa ya Mti, inakaribia, na kama ilivyo desturi, komini (wilaya za mji), shule na makanisa ya Lubumbashi yameanza kuulizia miche. Tunawashukuru wote. Hata hivyo, malalamiko yanayofika mezani petu tangu Septemba hayahusu miti itakayopandwa, bali ile iliyokwisha kupandwa, ambayo katika miezi hii ya mwisho wa kiangazi inakatwa, inachomwa au inabanduliwa magome, tena mara nyingi na watu wasio na nia mbaya. Idara yetu inayoangalia miti na bustani za umma imeona vema kutoa maelezo haya kabla panga lingine halijanyanyuliwa.

Sababu tunayoambiwa mara nyingi ni kwamba mti umekauka na unaweza kuwaangukia watoto. Kwa sehemu kubwa si kweli. Lubumbashi hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ardhi haipati kitu cha kuhesabika. Jakaranda, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, na flamboyanti, ambayo asili yake ni Madagaska, hupukutisha majani ili zisipoteze maji ambayo mizizi haiwezi tena kuyapata. Jakaranda hutangulia kutoa maua kabla ya majani, na flamboyanti inaweza kusimama tupu hadi Oktoba au Novemba, ikiwa na maganda yake marefu meusi tu. Wazee waliokulia vijijini hawashangai, kwa maana wanajua kwamba miti ya miombo huchipua majani mekundu mwezi wa Septemba kabla hata tone moja halijaanguka. Mwenye shaka akwaruze gome la tawi dogo kwa ukucha: akikuta rangi ya kijani na unyevu chini yake, mti uko hai. Akikuta rangi ya kahawia na ukavu, ajaribu tawi lingine, kisha lingine, na baada ya hapo aje kutuona. Asiende kumwita muuza makala (makaa).

Jambo la pili ni moto. Salongo ya Jumamosi, yaani usafi wa pamoja wa mitaa, ni kazi njema na hatuna nia ya kumvunja moyo yeyote, lakini salongo ambayo inamalizika kwa kukusanya majani makavu na masasheti (mifuko ya plastiki) chini ya mti na kuyawasha haijasafisha kitu. Tunajibiwa kwamba majivu ni mbolea. Ni kweli kwamba majivu yana chokaa na potasiamu, lakini naitrojeni, ambayo ndiyo mti unaihitaji zaidi ili uchipue, imekwenda na moshi, na udongo uliofunikwa na majani sasa uko wazi kwa jua la Oktoba, ambao ni mwezi wa joto kali kuliko yote hapa kwetu. Tena miti mingi ya miombo ina gome nene lililozoea moto wa porini, jakaranda haina. Moto ukipata shina lake, tabaka hai lililo chini ya gome hufa upande mmoja, kuvu huingia, mti huoza ndani polepole huku juu ukionekana mzima, na miaka kadhaa baadaye, upepo wa dhoruba ya kwanza unauangusha juu ya ukuta wa yule yule aliyewasha. Kuhusu masasheti, amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikwisha kupiga marufuku mifuko hiyo nchini kote, na yasiyochomwa huishia katika mifereji, ambayo mwezi wa Novemba haitakuwa na nafasi ya maji.

Tunaulizwa pia, na swali ni la haki, kwa nini maji yamwagwe katika bustani za umma wakati mabomba ya kartie (mitaa) nyingi ni makavu. Jibu ni kwamba majani ya bustani, yaani nyasi, hayahitaji kumwagiliwa: yanageuka manjano, yanalala, na mvua ikirudi yanaamka yenyewe. Miti mikubwa vilevile. Inayohitaji maji ni miti ambayo haijatimiza miaka mitatu, na kwayo ndoo moja mara mbili kwa juma, ikimwagwa polepole jioni, inatosha. Maji yaliyooshea mboga yanafaa kabisa. Miche mingi iliyopandwa kwa sherehe mwezi wa Desemba hufa kabla ya Septemba inayofuata, si kwa ubaya wa udongo, bali kwa sababu waliopigwa picha nayo hawakurudi mwezi wa Julai.

Kuhusu kupanda kwenyewe tutasema machache. Mashimo yachimbwe sasa, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na ule wa chini. Mche usiingie shimoni hadi udongo uwe umelowa kwa kina, jambo ambalo kwa kawaida halitokei kabla ya katikati ya Novemba. Mvua za Oktoba hulowesha vumbi tu na zimewadanganya wengi. Udongo wa kichuguu, ukichanganywa na samadi iliyoiva, unafaa sana. Na sasheti ya kitalu iondolewe, jambo ambalo tusingalipaswa kuliandika.

Wako wanaopanda mboga kama lengalenga na matembele katika bustani za umma na kando ya barabara. Tunaelewa bei za sokoni. Lakini tanuru la shaba la mji huu lilianza kazi mwaka 1911, na pepo za kiangazi, ambazo hutoka hasa kusini-mashariki, zilipeleka moshi wake kaskazini-magharibi kwa miongo mingi. Udongo wa upande huo, kartie ya Penga Penga ikiwemo, una shaba, risasi na kadimiamu. Kuosha mboga kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichopita katika mizizi. Nani anawajibika kwa hali hiyo si suala la maelezo haya. Tunachosema ni kwamba chokaa na mboji hupunguza madhara bila kuyamaliza, na kwamba mboga za kuliwa zisilimwe hapo.

Tunafika kwenye sheria. Dhana kwamba mti ulio mbele ya ukuta wangu ni wangu imetuchosha. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma ni mali ya umma ya Serikali, na haiwezi kutolewa kwa mtu kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kumwagia saruji mizizi ya mti ili kupanua nganda (baa) hakubadilishi jambo hilo, wala kupigilia misumari ya matangazo. Anayeona kwamba mti ni hatari aandike barua kwa ofisi ya komini, akitaja avenyu, namba ya nyumba iliyo karibu na aina ya hatari, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi, na asubiri ukaguzi. Tawi likigusa waya za umeme, asiliguse. Awaite wenye waya.

Anayekata bila ruhusa huandikiwa PV, yaani hati ya kosa, na afisa wa polisi wa mahakama, yaani OPJ. Hati hiyo hutaja mahali, siku, kitendo na maelezo ya mhusika, naye ana haki ya kusomewa kabla ya kutia sahihi. Kisha hati hupelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, kwa kuwa uharibifu wa miti ya mwingine, na Serikali ni mwingine, unaweza kuleta faini na hata kifungo. Hata hivyo, OPJ akiona kwamba mahakama ingetoza faini tu, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu kumwalika mhusika alipe kiasi fulani bila kufika mahakamani. Fedha hizo zinaingia katika Hazina ya Serikali, na mlipaji lazima apewe risiti. Hazilipwi chini ya mti, hazilipwi kwa simu, na wala hazipunguzwi kwa maelewano. Mtu yeyote anayejitambulisha kuwa wakala wa mazingira aombwe kwanza kitambulisho na oda ya misheni (hati ya kutumwa kazini) iliyotiwa sahihi; asipokuwa navyo, mkaaji hana wajibu wa kumlipa chochote, na tunaomba jina lake liletwe kwetu siku hiyo hiyo pamoja na jina la avenyu.