Virginia na Soko la Kaboni: Kabla ya Kusema Tusirudi

Tangu Abigail Spanberger aahidi katika kampeni zake za ugavana za 2025 kuirudisha Virginia kwenye RGGI, mpango wa kaboni wa majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, wakazi wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakituuliza maswali mengi. Wengi wanadhani ni ile biashara ya kaboni ya misitu wanayoisikia nyumbani. Siyo. Hapa halipwi mtu kwa kupanda miti, na mwananchi hajisajili popote. Anayekudai ada ya usajili ni tapeli.

Wanaobanwa ni mitambo ya kufua umeme kwa gesi, makaa au mafuta, yenye uwezo wa megawati 25 na zaidi. Kila pauni 2,000 za hewa ukaa (tani moja ya Kimarekani) zinahitaji kibali kimoja. Vibali huuzwa mnadani kila miezi 3. Hesabu hufungwa kila miaka 3, lakini katika mwaka wa kwanza na wa pili mwenye mtambo lazima awe na vibali vya nusu ya hewa aliyotoa. Siku ya mwisho ya kuonyesha vibali ni Machi 1 ya mwaka unaofuata. Akipungukiwa hesabu inapofungwa, kila tani iliyozidi hukatwa vibali 3, si kimoja, na adhabu za jimbo zinabaki palepale. Tena kila siku ya kipindi chote huweza kuhesabiwa kuwa siku ya kosa, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kuwa zilikuwa chache.

Virginia ilipokuwemo, bili ya umeme ilipanda kwa sababu ya gharama ya vibali, hilo ni kweli. Kampuni ya umeme ya Dominion Energy ilianza 2021 kutoza dola 2.39 kwa mwezi kwa nyumba inayotumia yuniti 1,000, baadaye ikapita dola 4. Kwa familia ya kipato kidogo hizo ni fedha. Lakini kudai kwamba fedha zote za vibali ziliishia serikalini ni kosa, na tumelisahihisha mara nyingi mno. Sheria ya Virginia ya 2020 ilitenga asilimia 45 ya mapato ya mnada kwa kinga ya mafuriko na asilimia 50 kwa kupunguza matumizi ya umeme katika nyumba za kipato cha chini. Kati ya 2021 na 2023 zilipatikana zaidi ya dola milioni 800. Jimbo lilipotoka mwisho wa 2023, chanzo hicho kilikauka, ilhali katika mji wa pwani wa Norfolk maji ya bahari huingia barabarani hata siku isiyo na mvua.

Uamuzi si wetu. Wala si wa gavana peke yake: Novemba 2024 mahakama ya kaunti ya Floyd ilitamka kwamba serikali ya Glenn Youngkin, gavana wa wakati huo, ilijitoa kinyume cha sheria. New Jersey nayo ilitoka mwisho wa 2011, ikarudi 2020. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, Virginia iwemo, na ikishaingia itulie. Hakuna mji utakaoanza kujenga ukuta wa kuzuia maji kwa fedha zinazoweza kukatika gavana akibadilika.

Mwenye hoja, za kukubali au kupinga, ampelekee mbunge wake wa jimbo. Bunge hukutana Richmond kuanzia Januari, na kumwandikia hakuhitaji uraia.