Harpers Ferry: Jengo Lililohamishwa Mara Nne

Wageni wengi wanaofika Harpers Ferry, West Virginia, huenda moja kwa moja kwenye jengo dogo la matofali karibu na makutano ya mito Potomac na Shenandoah. John Brown, Mmarekani mweupe aliyepinga utumwa, na wenzake walijifungia humo Oktoba 1859, baada ya kuvamia kiwanda cha silaha cha serikali ili kuwakomboa watumwa. Askari waliokuwa chini ya Robert E. Lee walivunja mlango, na Brown akanyongwa Desemba hiyohiyo.

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale, na hili huwa siishi kulieleza, kwa sababu halipo lilipojengwa. Lilibomolewa, likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya mwaka 1893. Likarudi, likasimamishwa shambani nje ya mji. Mwaka 1909 likahamishiwa Chuo cha Storer kule mlimani, na mwaka 1968 likashushwa bondeni. Pahali pake pa asili palikuwa pameshafukiwa na tuta la reli. Ukipanda tuta hilo utaikuta nguzo ya mawe inayopaonyesha.

Hamahama hiyo ndiyo iliyolipa jengo uzito. Agosti 1906, lilipokuwa bado shambani, wanachama wa Niagara Movement, chama cha Wamarekani weusi waliodai haki sawa, akiwemo mwandishi na msomi W. E. B. Du Bois, waliliendea alfajiri kwa miguu, wakavua viatu kwa heshima. Huo ni wakati wa ubaguzi uliohalalishwa na sheria!

Kwa hiyo usiishie bondeni kwenye maduka. Panda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, pita Kanisa la Mtakatifu Petro na Jefferson Rock, ukate makaburini hadi Camp Hill. Mlima ni mkali, vaa viatu madhubuti. Hapo palikuwa na Storer, kilichofunguliwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma hapo. Chuo kilifungwa mwaka 1955, lakini baadhi ya majengo yake bado yamesimama.

Tafuta pia bamba la kumsifu Brown, lenye maneno ya Du Bois. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, walilileta mwaka 1932, wakuu wa chuo wakalikataa kwa ukali wa maneno yake. Liliwekwa hapo mwaka 2006. Wengi hawafiki huku juu. Lisome lote, bila haraka.