Ngome ya kompyuta katika lupango wenye modemu moja

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea kompyuta yake, akilalamika kwamba mega (vifurushi vya intaneti) alizonunua asubuhi zilikuwa zimekwisha kabla ya adhuhuri ingawa alikuwa amesoma barua pepe tu. Nilipoiwasha nilikuta ngome mbili, yaani programu zinazochuja kinachoingia na kinachotoka kwenye mtandao, zikigombania kazi moja: ile ya Windows yenyewe, ambayo katika mashine zetu hujitambulisha kwa Kifaransa kama pare-feu, na nyingine aliyowekewa na kijana wa dukani. Hiyo ya pili ilimwuliza kila baada ya dakika chache kama anairuhusu svchost.exe itoke kwenda kwenye intaneti.

"Nabonyeza ndiyo kila mara, mwanangu," aliniambia, "maana siku niliyobonyeza hapana, intaneti yote ilikatika."

Hakukosea. Jina hilo la svchost.exe hubeba huduma nyingi za Windows, ikiwemo ile inayotafuta anwani za tovuti na ile inayopakua masasisho. Ngome inayomwuliza mtu swali asiloweza kulijibu humzoesha kubonyeza ndiyo tu, na siku swali la hatari litakapokuja atalijibu vivyo hivyo. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza ninapochagua.

Kwa kuzuia wanaobisha hodi kutoka nje, sioni sababu ya kulipa hata franka moja. Mnamo Agosti 2003 mnyoo wa Blaster (programu mbaya inayojisambaza yenyewe) uliingia katika kompyuta kupitia mlango namba 135, yaani namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao, bila mwenyewe kubonyeza chochote. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa Service Pack 2, furushi la masasisho ya Windows XP, ambayo ngome yake ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Ya leo hufanya vivyo hivyo: humkataa asiyealikwa, na huyaacha majibu ya maombi yako yaingie.

Kinachonisumbua zaidi ni chaguo la réseau public (mtandao wa watu wote, ambamo ngome hukataa zaidi) au réseau privé (mtandao wa nyumbani, ambamo ngome huwaamini zaidi walio ndani) unapounganisha Wi-Fi mpya. Katika lupango (neno ambalo hapa Lubumbashi ni kiwanja chenye nyumba, wala si mahabusu) wapangaji huchanga fedha, wakatumia modemu moja, kisha kila mmoja huchagua privé kwa sababu yuko nyumbani. Modemu huzificha mashine zenu kwa walio nje, lakini mpangaji mwenzako yuko ndani pamoja nawe. WannaCry, mnyoo mwingine ulioanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, ulipenya kupitia mlango namba 445 na kuzirukia kompyuta jirani za mtandao uleule, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi.

Usiku mmoja niliiagiza ngome yangu iandike kila inachokikataa. Asubuhi nilifungua faili la pfirewall.log nikakuta mistari mingi inayofanana: tarehe, saa, DROP TCP, anwani 192.168.1.14, mlango 445. Anwani hiyo ilikuwa ya kompyuta ya chumba cha pili, na mwenyewe alikuwa amelala fofofo. Kwa hiyo chagueni public hata nyumbani, isipokuwa kwa muda mfupi mnapotumia printa ya pamoja.

Uchaguzi wenyewe unabaki katika programu zinazotoka. Anayetaka kujua nani anakula mega zake atumie GlassWire, inayoonyesha matumizi ya kila programu. Anayetaka kuzifungia zote isipokuwa alizoziruhusu, mimi humwekea TinyWall, ambayo ni ya bure, haimrushii maswali, na huutumia uchujaji wa Windows yenyewe. Antivirusi za kulipia zenye ngome zake huchukua nafasi ya ile ya Windows, basi leseni ikiisha nenda ukakague ni ipi iliyo zamu. Wenye Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, wanayo ngome iitwayo ufw, ila hukaa imezimwa mpaka uandike sudo ufw enable. Virusi vya kwenye flashi havizuiwi na yoyote kati ya hizi.

Mwalimu nilimwondolea ngome ya pili, nikaupa mtandao wa simu yake alama ya connexion limitée, ili masasisho makubwa yasishuke kwa mega zake. Kazi hiyo haikuhitaji ngome kabisa.