Safari za wakati: za kibandani na za kweli

Juzi kwenye kibanda cha video pale Kisenyi, Kampala, tamthilia ilikuwa imekolea. Jamaa kaingia kwenye mashine, kabonyeza kitufe, katokea enzi za babu yake, na VJ anatafsiri kwa mbwembwe kama alikuwepo. Dereva wa boda aliyekaa kando yangu akaguna: "Mzee, hizi ni porojo tu. Wakati haurukwi."

Hapo ndipo penye dhana potofu ya kwanza, na ni kubwa kuliko zote. Kuruka mbele kumeshapimwa. Mwaka 1905 mwanafizikia Einstein alieleza kwamba saa inayosafirishwa kwa kasi huchelewa: kwake unapita muda mfupi kuliko kwa waliobaki, kwa hiyo ikirudi imerukia mbele. Baadaye akaongeza kuwa saa iliyo mbali na uvutano wa dunia hutangulia. Oktoba 1971, wanasayansi wawili Wamarekani, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria na saa nne za atomiki, zile zilizo sahihi mno, wakaizunguka dunia. Upande wa mashariki, kasi ya ndege ikijumlishwa na ya dunia inayojizungusha, saa zilirudi zimechelewa kama nanosekunde 59 kuliko zilizobaki Washington. Upande wa magharibi, kasi hizo zikipunguzana, zikatangulia kama 273. Gawanya sekunde moja mara bilioni, hiyo ndiyo nanosekunde.

"Sasa hiyo inanisaidia nini?" akauliza, simu ya ramani iko gotini.

Inamlisha. Satelaiti za GPS, zinazoiongoza ramani ya simu, ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na saa zake hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 (moja ni nanosekunde elfu) kila siku. Mafundi hurekebisha hilo. Wasingefanya hivyo, ramani ingepotoka kama kilomita 10 kwa siku: mteja anakungoja Wandegeya, simu inakupeleka Kira.

Wengine hudhani lazima kuwe na mitambo, moshi na taa za kumetameta. Mlima unatosha. Weka saa kileleni Margherita, juu ya milima ya Rwenzori, mita 5,109, na nyingine chini Entebbe. Baada ya miaka 70 ile ya mlimani itakuwa imetangulia kwa karibu sehemu moja kati ya elfu ya sekunde. (Baridi ya Rwenzori itakumaliza kabla hujaihesabu.)

Kurudi nyuma, je? Runinga huonyesha ni kama kupiga gia ya rivasi. Sivyo: kasi na uvutano hupunguza au huongeza mwendo wa saa, haviugeuzi. Kwenye hesabu upenyo upo. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba ulimwengu mzima ukiwa unazunguka, njia inaweza kukurudisha kwenye jana yako, ila huu wetu hauonyeshi kuzunguka hivyo. Mwaka 1988 mwanafizikia Kip Thorne na wenzake wakaeleza njia ya mkato angani inayoweza kufanya kazi hiyo, lakini kuizuia isijifunge kunataka nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, na hakuna aliyeipata kwa kiasi hicho. Mwanafizikia Stephen Hawking alifanya mzaha wake: tarehe 28 Juni 2009 aliandaa sherehe, mialiko akaitoa baada ya sherehe kwisha, ili aje tu anayeweza kurudi nyuma. Hakuja mtu.

Na mashine kutua palepale ilipoondokea? Dunia hulizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde, kwa hiyo pale ulipoondokea pameshasogea. Watunzi hulipita hilo kimyakimya.

Simu ikalia. Mteja, Wandegeya. Jamaa akakitazama kile kidoti cha buluu kwa muda, akachukua helmeti yake. "Mzee, mwisho wake utanihadithia."