Kukubalika kwa tozo ya foleni: maana yake nini?

Tozo ya foleni ni fedha anayolipa mwenye gari anapoingia katikati ya jiji saa ambazo barabara zimejaa. Lengo lake ni kupunguza magari, ndiyo maana katika baadhi ya miji kiwango hupanda asubuhi na jioni. Kukubalika kwake kwa umma ni ile hali ya wananchi kuwa radhi tozo iwepo, hata kama hawaifurahii. Mtu anaweza kunung'unika kila anapolipa, na bado akapiga kura ibaki.

Ugumu ni kwamba jibu la wananchi hutegemea sana wameulizwa lini. Wakazi wa Edinburgh, Scotland, waliulizwa Februari 2005, kabla tozo haijaanza, na takriban robo tatu ya waliopiga kura wakaikataa. Desemba 2008 Manchester nayo ikakataa kwa karibu asilimia 79. Mipango yote miwili ikaishia hapo.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilianza kwa majaribio, ingawa wakazi wengi walikuwa wanapinga. Mabasi yaliongezwa tangu Agosti 2005, kisha tozo ikatozwa kuanzia 3 Januari hadi 31 Julai 2006. Magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa takriban moja ya tano. Majaribio yalipokwisha, magari mengi yakarudi, na watu wakawa wameziona barabara zao katika hali zote mbili. Septemba mwaka huohuo zaidi kidogo ya nusu ya wapiga kura wa jiji waliafiki. Tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007, na miaka michache baadaye waliounga mkono walifika karibu asilimia 70.

Kwa nini wakageuka? Kabla ya tozo kuanza, mtu anajua hakika kwamba atalipa, lakini unafuu wa barabara kwake ni ahadi tu. Ikishaanza, unafuu anauona mwenyewe, na mara nyingi anagundua kuwa hasara aliyoiogopa ni ndogo. Usawa nao una uzito wake: fedha zinakwenda wapi, na asiye na uwezo wa kulipa atatumia usafiri gani? Kwangu, kumtaka mtu aikubali tozo kabla ya kumletea basi la uhakika ni kumwonea.

Tusichanganye, hata hivyo, tozo kuwepo na tozo kukubalika. Göteborg, pia nchini Sweden, ilianza kutoza Januari 2013. Katika kura ya maoni ya Septemba 2014, asilimia 57 ya wapiga kura waliikataa. Kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu, na mapato ya tozo yalikuwa yameshapangiwa miradi mikubwa ya usafiri, ikiwamo njia ya treni ya chini ya ardhi. Tozo ikaendelea.