Je, Wajua Mtoto Hutibiwaje Akiwa Bado Tumboni?

Katika vyumba vya ultrasaundi vya Dar es Salaam, iwe Mwananyamala au Temeke, swali ambalo wazazi wengi huanza nalo ni moja: ni wa kike au wa kiume? Mtaalamu aliyeshika kifaa huweza kulijibu, lakini jicho lake huwa limekwisha kupita kwingine: umbo la fuvu, mstari wa uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, kibofu, urefu wa mfupa wa paja na wingi wa maji yanayomzunguka mtoto. Kwake yeye, pale kitandani wamelala watu wawili wa kuchunguzwa, na mmoja wao hawezi kueleza panapomuuma.

Huyo asiyeweza kueleza huonekana kwa sauti. Ndani ya kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo mna vipande vidogo ambavyo, vikipitiwa na umeme, hutetema na kutoa sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu. Sikio letu huishia kwenye mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, ilhali uchunguzi wa mimba hutumia mamilioni. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, na kila inapofika kwenye mpaka wa kitu kimoja na kingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda ambao mwangwi umechukua kurudi, ikaukokotoa kuwa umbali, na kuchora nukta moja baada ya nyingine. Mfupa hurudisha mwangwi mwingi na kuonekana mweupe, maji hayarudishi kitu na kuonekana meusi. Hewa huizuia sauti isipite, na ndiyo sababu ya ile jeli ya baridi inayopakwa tumboni, na pia ya mjamzito wa miezi ya mwanzo kuambiwa anywe maji mengi na asiende haja ndogo: kibofu kilichojaa huusukuma kando utumbo wenye hewa. Wapo wanaohofia kwamba kipimo hiki humuunguza mtoto, pengine kwa sababu mara nyingi hufanyika katika idara iliyoandikwa mlangoni neno mionzi, lakini hakuna mionzi yoyote inayotumika. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskochi, walioutangaza uchunguzi wa namna hii mwaka 1958, walianzia kwenye chombo cha viwandani kilichotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Picha, hata hivyo, huonyesha umbo tu, haisomi vinasaba. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 mtaalamu huweza kupima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na yakizidi kiasi, uwezekano wa kasoro ya kromosomu kama sindromu ya Down huwa mkubwa zaidi. Kipimo cha aina hiyo huchuja tu, hakithibitishi. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya mtoto huelea ndani ya damu ya mama, na kutokana na ugunduzi huo leo damu inayochukuliwa kwenye mkono wa mama yaweza kuchuja kwa usahihi mkubwa zaidi. Anayetaka uthibitisho bado huhitaji sindano inayochota maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, au kipande kidogo cha kondo la nyuma mapema kidogo kuliko hapo, na sindano hiyo huja na hatari ndogo ya mimba kuharibika. Uamuzi huo ni wa wazazi, baada ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa.

Mfano ninaoupenda zaidi katika elimu hii ni wa upungufu wa damu. Mama mwenye kundi la damu hasi akibeba mtoto mwenye kundi chanya, mwili wake huweza kutengeneza askari wa kinga wanaoziharibu chembe nyekundu za mtoto. Daktari atajuaje kuwa mtoto ameishiwa damu bila kumtoboa? Hupima kasi ya damu katika mshipa mmoja wa ubongo wake, kwa kuwa damu iliyopungukiwa chembe huwa nyepesi na hukimbia zaidi. Kasi ikivuka kiwango, mtoto huongezewa damu mumo humo tumboni, kwa sindano inayoongozwa na picha hadi kwenye mshipa wa kitovu. William Liley wa Auckland, New Zealand, ndiye aliyefungua njia hiyo mwaka 1963, ingawa yeye aliingiza damu kwenye tumbo la mtoto.

Mambo hayo yasifikiriwe kuwa ya ughaibuni peke yake. Mjamzito anayegundulika kuwa na kaswende katika kliniki ya wajawazito, akachomwa penisilini, amemtibu na mtoto pia, kwa sababu dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma. Mama anayeishi na VVU na kumeza dawa zake kila siku anamkinga mtoto kwa namna hiyohiyo. Naye aliyeshikwa na uchungu kabla ya wiki ya 34 akachomwa deksamethasoni, sindano ile si ya kwake: ni ya kukomaza mapafu ya mtoto, jambo ambalo watafiti Liggins na Howie walilionyesha mwaka 1972 kwa dawa ya jamii hiyohiyo. Wanawake wengi wa jiji hili wamekwisha kupitia tiba ya mtoto aliye tumboni bila mtu kuwaambia kwamba hilo ndilo jina lake.

Upasuaji ni habari nyingine, nao hufanyika katika hospitali chache duniani. Michael Harrison na wenzake wa San Francisco waliufanya kwa kufungua mfuko wa uzazi mwaka 1981. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wenye mgongo wazi, yaani ambao uti wa mgongo haukujifunga, waliofanyiwa upasuaji kabla ya wiki ya 26 ya ujauzito walihitaji mpira wa kupunguza maji kichwani kwa asilimia 40, dhidi ya asilimia 82 ya waliosubiri kuzaliwa. Gharama yake ni kwamba wengi wao walizaliwa njiti, na mama hubaki na kovu linalomlazimu kujifungua kwa upasuaji mimba zinazofuata.

Hata pasipo upasuaji huo, kujua mapema hubadilisha mengi. Mama wa Chanika anayeambiwa katika wiki ya 20 kwamba mtoto ana mgongo wazi anao muda wa kupanga kujifungulia Muhimbili, jirani na Taasisi ya Mifupa ambako watoto wa aina hiyo hufanyiwa upasuaji, badala ya kukimbizwa huko na kichanga mwenye kidonda wazi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwetu mimba changa haitangazwi, kwa kuogopa kijicho, na anayeificha hadi mwezi wa sita hufika kliniki wiki hiyo ikiwa imepita. Naona mtu aweza kuwaficha majirani bila kumficha mkunga.

Kuna wiki moja, hata hivyo, ambayo kliniki haiiwahi kabisa. Mfereji unaokuja kuwa uti wa mgongo hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi wanahesabu tu kwamba siku zao zimechelewa. Vidonge vya Fefo, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, vinavyotolewa kliniki husaidia damu ya mama, lakini kwa mgongo wazi huwa vimechelewa, na ndiyo maana foliki asidi, vitamini inayosaidia mfereji huo kujifunga, huongezwa kwenye unga wa ngano viwandani, na mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku kabla hata mimba haijatungwa.