Ulichobeba kwenye flashi huenda si faili

Wengi wanaoanza kutumia kompyuta huamini kila aikoni wanayoiona kwenye skrini ya mwanzo ni faili lenyewe. Wanainakili kwenye flashi, wanafika steshenari kuchapisha barua ya kazi, haifunguki. Inauma, hasa siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Iangalie aikoni hiyo vizuri. Ikiwa na kamshale kwenye kona ya chini kushoto, hiyo ni njia ya mkato tu: inaielekeza Windows mahali faili lilipo, labda ndani ya folda ya Documents. Mara nyingi ina ukubwa wa KB (kilobaiti) 1 au 2 tu, hata kama faili lenyewe lina MB (megabaiti) 50, yaani ni kubwa maelfu ya mara. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Open file location”, folda ifunguke, kisha nakili faili utakalolikuta humo.